Poti 23 kwenye njia panda ya Benaco

Lori lililopakia Dar es Salaam shehena ya Kigali hufika Benaco likiwa limeshaacha nyuma zaidi ya kilomita 1,200. Katika eneo hilo la wilaya ya Ngara barabara zinaachana: moja inashuka Rusumo, kwenye daraja la mto Kagera na mpaka wa Rwanda, nyingine inaelekea Ngara mjini na Kabanga, mpakani mwa Burundi, ya tatu inapanda kaskazini kuitafuta Karagwe. Mgongoni ni Lusahunga na Biharamulo. Mawasiliano nayo yamefuata mkondo huohuo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na shirika la simu la TTCL, unaingia Rwanda kupitia Rusumo na kuingia Burundi kupitia Kabanga, hivyo wilaya moja ya pembezoni imebeba milango miwili ya nchi.

Dunia ililifahamu jina la Benaco kwa msiba. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda, wakiwemo waliokimbia vita na pia baadhi ya waliohusika na mauaji ya kimbari. Uwanda ulioachwa na kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, ambayo ndiyo iliyoliachia eneo jina lake, ukageuka kambi iliyozidi kwa watu miji mingi ya Tanzania ya wakati huo. Simu ya mezani haikuwa msaada wowote. Mashirika ya misaada katika dharura za miaka hiyo yalitegemea redio koli na simu za setilaiti za Inmarsat, ambazo dakika moja iligharimu dola kadhaa. Huduma moja ya Inmarsat, iliyoitwa Inmarsat-C na kuanza mwaka 1991, haikubeba sauti kabisa. Ilibeba maandishi, kwa kasi ya biti 600 kwa sekunde, na mtumiaji aliyachapa kwenye skrini nyeusi ya programu ya terminali.

Skrini hiyo nyeusi ingali hai. Fundi wa mitandao anayetumwa leo kwenye mnara, kwenye benki au kwenye ofisi ya forodha bado anaifungua kwenye kompyuta yake ya mkononi, ila safari hii inaitwa PuTTY, ambayo Mwingereza Simon Tatham aliitoa kwa umma mwaka 1999, au Tera Term. Waliomtangulia walianzia HyperTerminal, iliyokuja ndani ya Windows tangu toleo la 95 hadi XP. Windows Vista iliitupa nje HyperTerminal, na telnet, njia ya kuiendesha mashine ya mbali kwa kuandika amri, ikaifungia kabatini hadi mwenye kompyuta aamue kuiwasha. Ukurasa wa mipangilio umebaki uleule: masanduku ya kutia alama ambayo wengi huyapita bila kuyasoma, kisha huyarudia kwa kubahatisha mambo yanapokwenda mrama.

Masanduku hayo hayana uzito sawa. Mengi yanahusu mwonekano tu, yaani herufi zitokee sawasawa. Machache yanahusu umbali, na hayo ndiyo yenye utamu kwa mtu aliyeko Ngara. Lililo muhimu kuliko yote, la usalama, halimo kabisa kwenye ukurasa wa telnet.

Kwa nini yapo, kwanza? Telnet ni mkongwe kuliko karibu kila kitu kinachotumika mtandaoni. Andiko lake la kwanza ni la Septemba 1969, wakati mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, ukiwa ndiyo kwanza unazaliwa. Itifaki inayotumika hadi sasa iliandikwa na Jon Postel na Joyce Reynolds na kutolewa Mei 1983. Siku hizo kila kiwanda kilikuwa na kompyuta yake, kibodi yake na desturi zake. Itifaki hiyo imejengwa juu ya kifaa cha kufikirika, kibodi na printa ambazo hakuna aliyewahi kuziuza dukani, na kila mashine ikatakiwa kujifanya hicho kifaa. Anayetaka zaidi ya hapo anaomba. Ombi huanza na baiti yenye thamani 255, ikifuatiwa na moja kati ya nne: 251 “nitafanya”, 252 “sitafanya”, 253 “fanya”, 254 “usifanye”. Mashine mbili zinapokutana huulizana hivyo kwa sehemu ndogo ya sekunde: wewe utarudisha mwangwi wa herufi? Skrini yako ina ukubwa gani? Wewe ni terminali ya aina gani? Masanduku kadhaa kwenye mipangilio ni majibu ya maswali hayo, yaliyoandaliwa mapema.

Utaratibu huo ndio unaoeleza kituko ambacho mafundi wengi wamekiona: unaunganisha programu na huduma fulani na skrini inakutapikia ÿûÿý. Hakuna kilichoharibika. Hizo ni baiti 255, 251 na 253 zikisomwa kama herufi za Ulaya, kwa sababu upande mmoja umeanza kuuliza maswali ya telnet na upande wa pili hauijui telnet. PuTTY ina mpangilio wa kuchagua nani aanze kuuliza. Ukiiacha ianze yenyewe, inauliza mara tu waya unapoungana. Ukiiweka ingoje, hukaa kimya hadi seva ianze. Kungoja husaidia kupita kwenye baadhi ya kuta za moto, lakini seva nayo ikiwa ya kungoja, pande zote mbili hubaki zinatazamana na hakuna kinachojadiliwa. Ndiyo maana programu inakuja ikiwa imepangwa ianze yenyewe. Na kama unachounganisha si telnet kabisa, bali kwa mfano kifaa kinachomwaga namba kwenye poti yake, basi achana na telnet na uchague muunganisho mtupu usio na maswali.

Sasa mwangwi. Ukibonyeza herufi kwenye telnet ya kawaida, herufi hiyo haiandikwi na kompyuta yako. Inasafiri hadi seva, seva inaipokea na kuirudisha, ndipo unapoiona. Kwenye waya wa mita mbili hutambui. Kwenye mkongo hutambui pia: mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kilomita 1,300 za kutoka mpakani hadi Dar es Salaam na kurudi zinakula kama milisekunde 13, ukiacha muda unaopotea ndani ya vifaa vya njiani. Jicho halioni hilo.

Setilaiti ni habari nyingine. Setilaiti za mzingo wa juu zimetundikwa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Herufi ya fundi hupanda na kushuka hadi seva, mwangwi wake hupanda na kushuka tena: kilomita zaidi ya 143,000, karibu nusu sekunde ya safari tupu hata kabla kifaa chochote hakijaigusa. Kwa miaka mingi, kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika pwani ya Afrika Mashariki, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata, hivi ndivyo data nyingi za Tanzania zilivyotoka nje ya nchi, na sehemu za mbali na mkongo ziliendelea hivyo muda mrefu zaidi. Mtu anachapa amri ya herufi ishirini, anafika mwisho, na skrini bado iko nyuma yake. Anadhani mashine imeganda, anachapa tena. Mwangwi unapowasili, amri imeandikwa mara mbili na Enter imebonyezwa mara tatu. Kama amri ile ilikuwa ya kuzima kitu, kimezimwa.

Dawa ipo kwenye mipangilio, na ni masanduku mawili: mwangwi wa hapohapo na uhariri wa mstari wa hapohapo. La kwanza linaifanya kompyuta yako iandike herufi yenyewe bila kungoja seva. La pili linakwenda mbali zaidi: linashikilia mstari mzima hadi ubonyeze Enter, ndipo linautuma kwa mkupuo. Ukikosea, unafuta kwako, na seva haipati habari.

Ukubwa wa faida yake ulionyeshwa na John Nagle wa Ford Aerospace mwaka 1984. Herufi moja iliyochapwa, alieleza, husafiri ikiwa baiti moja iliyobebeshwa baiti 40 za anwani na kumbukumbu za njia, yaani mzigo wa ziada wa asilimia 4,000. Mwangwi wake unarudi na baiti zake 40. Kwa anayelipia setilaiti kwa baiti, ni sawa na kukodi lori zima kubeba kiberiti kimoja kimoja. Nagle alitunga kanuni ya kukusanya herufi kabla ya kutuma, na PuTTY ina sanduku la kuizima kanuni hiyo. Huja limetiwa alama tayari, kwa sababu watu wa mitandao ya kasi wanataka kila herufi iende papo hapo. Aliye kwenye kiungo chembamba ana kila sababu ya kuitoa alama hiyo.

Lakini dawa hii ina madhara yake, na hapa ndipo ushauri wa haraka haraka wa mafundi unapoumiza watu. Mwangwi wa hapohapo ukilazimishwa huku seva nayo inarudisha wake, kila kitu kinajirudia: ukichapa “ls” unaona “llss”. Hilo ni kero tu. Baya zaidi ni kwamba nenosiri halionekani kwenye skrini kwa sababu seva inakataa kulirudishia mwangwi. Ukiilazimisha kompyuta yako iandike kila unachochapa, nenosiri nalo litaandikwa, wazi kabisa, mbele ya yeyote aliyesimama nyuma ya kiti. Katika ofisi za mpakani, ambako foleni ya madereva na mawakala huegemea kaunta, si jambo la kupuuza. Mpangilio wa kuiachia programu iamue yenyewe kwa kusikiliza maswali ya seva ndio sahihi karibu kila mara. Kulazimisha kubaki kwa kiungo cha setilaiti, na hapo pia baada ya kuingia, si kabla.

Kuna pia suala la muunganisho kukaa hai. Muunganisho wa telnet usiotumika haubadilishani chochote. Kimya ni hali yake ya kawaida. Mitandao ya simu haipendi kimya. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na jedwali linalokumbuka nani anazungumza na nani hufagiliwa mara kwa mara ili kupata nafasi. Fundi aliyeungana kwa simu yake akaenda kunywa chai Benaco dakika kumi, anarudi na kukuta programu inaonekana iko sawa lakini haijibu. Muunganisho ulifutwa katikati ya njia, na hakuna aliyeambiwa.

Wengi hukimbilia sanduku la TCP la kudumisha muunganisho, na wanashangaa halisaidii. Sababu ni kwamba Windows na Linux, zikiachwa zilivyo, hungoja saa mbili kabla ya kutuma ishara ya kwanza ya aina hiyo. Saa mbili dhidi ya dakika chache! Kinachofaa ni namba ya sekunde iliyo juu yake: ukiandika 60, PuTTY itatuma kila dakika amri ya telnet isiyofanya lolote, baiti 255 ikifuatiwa na 241. Jedwali la kampuni ya simu linaona dalili ya uhai na halifuti.

Je, kila mtu aandike 60? Hapana, na sababu yake mwongozo wa PuTTY wenyewe unaitaja. Tuseme kiungo cha mawimbi kati ya minara miwili kimekatika kwa mvua au kwa umeme, kikarudi baada ya dakika tatu. Muunganisho uliokaa kimya haujui kama kulikuwa na tatizo. Kiungo kinaporudi, unaendelea pale ulipoishia. Muunganisho unaotuma ishara kila dakika utaituma wakati njia imekatika, utairudia, utakosa jibu, na utajiua mwenyewe. Kwa hiyo mpangilio mmoja unaokoa kwenye mtandao wa simu na kuangamiza kwenye kiungo kinachokatika na kurudi. Kwenye simu, weka sekunde. Kwenye kiungo chako mwenyewe chenye historia ya kukatika, acha sifuri.

Mengine yanaweza kupitwa upesi. Backspace ikiandika ^H au ^? badala ya kufuta, badilisha kati ya namba 8 na namba 127. Mashine zimegombania hizo mbili tangu enzi za terminali za kampuni ya DEC, ambayo VT100 yake ya mwaka 1978 ndiyo mama wa skrini hizi zote. Enter ikiruka mistari miwili, au ikikataa kabisa kufanya kazi, ondoa alama kwenye sanduku linaloifanya itume mstari mpya wa telnet. Programu ya seva ikichora fremu zilizokatikakatika, jina la aina ya terminali ndilo tatizo: jaribu “vt100” badala ya “xterm”.

Seti ya herufi inastahili neno zaidi, kwa sababu ya mpaka. Kiswahili kina bahati: kinaandikwa chote kwa herufi za kawaida za Kilatini na alama moja ya ritifaa, hivyo kinaenea ndani ya herufi za biti saba ambazo telnet ilizaliwa nazo. Karatasi za mzigo kutoka Bujumbura au Bukavu huja na Kifaransa, na hapo é na ç zinageuka takataka kama upande mmoja uko kwenye UTF-8 na mwingine kwenye Latin-1. Hata Kiswahili hakisalimiki siku hizi. Simu na programu za kuandikia hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, na ritifaa iliyopinda ni baiti tatu katika UTF-8. Ng'ombe akinakiliwa kutoka kwenye ujumbe hadi kwenye mfumo wa zamani anatokea akiwa “ngâ€™ombe”. Weka UTF-8 pande zote mbili, na kama mfumo ni wa zamani mno, chapa ritifaa kwa mkono wako.

Kisha kuna sanduku ambalo karibu kila mtu hulipita: utata wa kutuma vigezo vya mazingira, yaani taarifa ndogo ambazo kompyuta yako huipa seva mnapoungana. Kisa chake kinachekesha. Andiko moja la miaka ya 1990 lilisema namba 0 imaanishe jina la kigezo na 1 imaanishe thamani yake. Waliotengeneza programu ya BSD, iliyosambaa kuliko zote, waliziweka kinyume. Badala ya kumlazimisha yeyote abadilike, likatungwa chaguo jipya lenye namba mpya, na lile la zamani likabaki na masanduku mawili ya kuchagua unamfuata nani. Mfuate BSD, usihangaike.

Vigezo hivyo, hata hivyo, vina sumu. Jina la mtumiaji linaweza kupitishwa humo ili mtu asilichape kila mara, na seva hulikabidhi kwa programu ya kuingilia. Februari 2007 iligundulika kwamba kwenye mfumo wa Solaris 10 mtu akijitambulisha kwa jina linaloanza na “-f”, programu ya kuingilia ilidhani ni amri inayosema huyu amekwisha kuthibitishwa, na ikampitisha bila nenosiri. Unadhani funzo lilishika? Januari 2026 kosa la ukoo uleule lilitangazwa kwenye seva ya telnet ya mradi wa GNU; kigezo cha jina la mtumiaji kikibeba “-f root”, mgeni anaingia akiwa bwana mkubwa wa mashine. Kosa hilo lilikuwemo tangu mwaka 2015.

Hapo ndipo mjadala wa masanduku unapogota. Unaweza kupanga yote kwa ustadi, na bado kila unachochapa, nenosiri likiwamo, kinapita kwenye waya kikiwa wazi. Yeyote aliye njiani anasoma: aliyeko kwenye Wi-Fi ileile ya nyumba ya wageni, aliyeshika ruta ya katikati, aliyeweka kifaa cha kunasa kwenye swichi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayenasa mawasiliano yasiyo yake, lakini sheria hiyo haimzuii kusoma, inamwadhibu akikamatwa. Kwa anayeshughulika na taarifa za watu kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayomtaka aliyezishika azilinde. Ni vigumu kuona utetezi wa mtu aliyezipitisha mpakani kwa telnet.

Dawa nayo si mpya. Mwaka 1995 mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, uliwekewa kifaa kilichonasa maneno ya siri. Mtafiti mmoja wa chuo hicho, Tatu Ylönen, akaandika SSH, inayofanya kazi ileile ya telnet lakini ndani ya mazungumzo yaliyofichwa kwa hesabu. Aliomba apewe poti 22, kwa kuwa ilikuwa wazi kati ya 21 ya kuhamishia mafaili na 23 ya telnet, na akapewa. Tangu 1999 kuna OpenSSH, ya bure. Ndani ya PuTTY tofauti kati ya telnet na SSH ni kitufe kimoja kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, kabla hujafika kwenye mipangilio yoyote iliyotajwa hapa.

Kama ni kitufe kimoja, telnet ilidumu vipi? Sehemu ya jibu ni siasa za Marekani. Kwa muda mrefu nchi hiyo iliyahesabu maarifa ya kuficha mawasiliano kuwa karibu na silaha na kubana usafirishaji wake. Ililegeza kamba mwaka 2000. Cisco ilitoa programu za ruta zake katika matoleo mawili, na lile lenye ufichaji imara lilibeba alama ya “k9” kwenye jina lake. Ruta nyingi zilizouzwa bila k9 hazina SSH ya kutegemewa, basi. Vifaa vya namna hiyo vilipochakaa Ulaya vikauzwa kwa bei ya chini, na mitumba ya mitandao, kama mitumba yote, inajua njia ya kuja Afrika. Sehemu nyingine ni mazoea ya kiwandani. Ruta za MikroTik kutoka Latvia, zinazopendwa sana na watoa huduma wadogo wa Afrika Mashariki kwa bei yake, huja telnet ikiwa imewashwa, na kwa miaka mingi zilitoka na jina “admin” na nenosiri tupu.

Gharama ya mazoea hayo ilionekana mwaka 2016. Virusi vilivyoitwa Mirai vilizunguka mtandao mzima vikigonga poti 23 na 2323 na kujaribu orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60. Vilivyofunguka havikuwa kompyuta. Vilikuwa kamera za ulinzi, virekodi vya video na ruta za nyumbani. Oktoba 21 jeshi la vifaa hivyo lililemea kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikigeuza majina ya tovuti kuwa anwani, na Twitter na Netflix zikatoweka kwa saa kadhaa kwa watu wengi wa Marekani. Miezi hiyohiyo Mwingereza Daniel Kaye alitumia Mirai kuishambulia Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia, kwa malipo ya mtu wa kampuni pinzani. Januari 2019 mahakama ya London ilimfunga miaka miwili na miezi minane. Kampuni ya simu ya Afrika Magharibi iliyumba kwa sababu ya kamera zilizoachwa na telnet wazi mabara mengine.

Kwa wenye maduka, hoteli na vituo vya mafuta wanaofunga kamera, kuna jambo moja lililofichika humo. Katika kamera nyingi za wakati ule zilizobeba vipuri vya kiwanda kimoja cha China, jina lilikuwa “root” na nenosiri “xc3511”, na yalikuwa yamechomelewa ndani. Mwenye kamera aliyebadilisha nenosiri kwenye ukurasa wa kuangalizia picha alidhani amefunga mlango. Lile la telnet lilibaki palepale, na hapakuwa na sanduku lolote la kulibadilisha.

Yote haya hayaifanyi telnet kuwa haramu kila mahali. Waya wa mita mbili kati ya kompyuta na swichi iliyo mbele yako hauna msikilizaji wa tatu. Wataalamu wa redio za ridhaa, ambao Tanzania huwapa alama za wito zinazoanza na 5H, bado wanatumia telnet kupeana habari za vituo vinavyosikika angani. Kanuni zao zinakataza kuficha maana ya mazungumzo ya hewani, hivyo uwazi wameuzoea. Na kupima kama poti ya seva ya barua pepe inajibu, telnet ni kipimo kizuri kama chochote.

Kazi ngumu ni vifaa vinavyojua telnet tu: vigeuzi vya waya wa mfululizo kwenda mtandao, vya aina ile inayounganishwa na vionyeshi vya mizani, jenereta na mitambo ya redio. Kuvitupa ni hasara, na kuvianika kwenye mtandao wa umma ni hatari. Njia ya kati inajulikana na ni rahisi. Weka kompyuta ndogo palepale kilipo kifaa, iunganishe nacho kwa waya wake wa peke yake, na fundi aliyeko Mwanza au Dar es Salaam aifikie kompyuta hiyo kwa SSH. Telnet itembee zile mita mbili za mwisho tu. PuTTY yenyewe inaweza kuchimba handaki la SSH kwa ajili hiyo, na mipangilio yote ya mwangwi, mstari na herufi iliyoelezwa hapo juu itafanya kazi ndani yake bila kubadilika.

Kwa kila mwenye ruta kati ya Biharamulo na Rusumo, kuna jaribio la dakika moja. Zima Wi-Fi kwenye simu, tumia data ya kampuni ya simu, na kwa programu yoyote ya terminali ipigie anwani ya umma ya ofisi yako kwenye poti 23. Ikikuuliza jina la mtumiaji, ifunge kabla ya kufanya kazi nyingine yoyote. Kwenye MikroTik ni mstari mmoja, “ip service disable telnet”, na kwenye Cisco yenye k9 ni kuagiza milango ya mbali ipokee SSH pekee.